Mashine Inayosoma Matundu

Katika Keroka ya mwaka wa sabini na saba kulikuwa na watu wengi wa kukupa ushauri na mtu mmoja tu asiyeuhitaji. Mtu huyo aliitwa Bochaberi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara ya Kericho, na ndani yake hakukuwa na kitu cha kujivunia ila mashine ya kufuma masweta, aliyoinunua miaka kumi na mmoja nyuma kutoka kwa bibi wa Kizungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa ndefu kama ubavu wa kitanda, na sindano zake mia na hamsini zilijipanga mstari mmoja. Ulipotaka mistari, ulibadilisha uzi. Ulipotaka ua, ulizichagua sindano kwa vidole, moja moja, safu baada ya safu, mpaka macho yakalia.

Kwa mashine hiyo alivalisha watoto wa kuanzia Masimba mpaka Ikonge, maana baridi ya milima ile haina mzaha na mtoto asiye na sweta hukohoa mpaka Pasaka. Mumewe, Abner, alikuwa na shamba la chai Ikonge. Chai ni mali, hakuna aliyebisha, lakini majirani wote walijua kwamba wale watoto watano wa Abner, Ogari na wadogo zake, walisomeshwa na sindano za mama yao.

Basi mwanzoni mwa Desemba yakaja mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza lilikuja na Mwalimu Nyamweya, mkuu wa shule mpya ya harambee kule Masimba. Alitaka masweta arobaini ya kidato cha kwanza, rangi ya damu ya mzee, yenye majani ya chai ya kijani yaliyotapakaa kifuani, mgongoni na mikononi. Aliyataka kabla shule haijafunguliwa Januari.

"Mimi nataka mtoto wangu akisimama Kisii mjini, mtu ako ng'ambo ya barabara ajue huyu anasoma wapi," alisema. "Kama wewe hutaweza, Mama Ogari, usione haya. Kuna kiwanda Nairobi."

Bochaberi alijibu kwamba ataweza, kisha Mwalimu alipoondoka akaketi na kupiga hesabu ya vidole vyake. Majani mengi kiasi kile, kwa kuchagua sindano moja moja, yangemla siku mbili kwa kila sweta. Shule ingefunguliwa yeye bado yuko kwenye sweta la kumi na tano. Na shule ya Mwalimu ikishakwenda kununua Nairobi, shule nyingine zingefuata njia hiyo hiyo, maana wakuu wa shule huigana kuliko wanafunzi wao. Duka lingebaki la kushona vifungo.

Jambo la pili lilikuja siku tatu baadaye ndani ya sanduku kubwa, limebebwa na wapagazi wawili. Nyuma yao alikuwa Salat, mwenye duka la nyuzi na vitambaa mlango wa tatu kutoka kwa Bochaberi.

"Mama Ogari, hii mashine inasoma," Salat alisema.

"Inasoma Kiswahili ama Kizungu?"

"Inasoma matundu. Unaingiza kadi hapa, kadi iko na matundu. Mashine inajua yenyewe sindano gani inatoka, gani inabaki. Wewe unasukuma tu. Wallahi, hata ukifunga macho."

"Nikifunga macho nitajuaje kama umeniuzia hewa?"

Salat alicheka. Walikuwa wamefanya biashara miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwibia mwenzake kitu kikubwa. Masharti yake yalikuwa mepesi: Bochaberi aijaribu mashine kwa wiki moja, akiipenda, Salat aichukue ile ya zamani kama sehemu ya bei, na kilichobaki alipwe polepole. Kuweka zote mbili haikuwezekana. Mfuko haukuruhusu, na hata chumba chenyewe hakikuruhusu. Mwanamke mmoja wa Narok alikuwa tayari anaitaka ile kuukuu.

Watu wa methali wangemwambia asiache mbachao kwa msala upitao. Abner, kwa upande wake, alikuwa mtu wa vipya. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua redio kijijini kwao, na wa kwanza kuiharibu. "Dunia inaenda mbele," alimwambia mkewe jioni ile. "Kadi yenyewe inafanya kazi, wewe unakunywa chai. Unangoja nini?"

"Nangoja kuona," alisema Bochaberi.

Na akaona. Kwa siku tano mashine mpya ilifanya maajabu mbele ya macho yake. Alitoboa kadi kwa kile kikoleo kidogo kilichokuja nayo, akafuata mchoro wa jani alilolichora mwenyewe, akaiingiza, akasukuma. Jani likatokea. Akasukuma tena, majani mawili. Safu iliyomchukua robo saa kwa vidole ilipita kwa pumzi moja. Bochaberi, mwanamke mzima, mke wa shemasi, alipiga kigelegele peke yake dukani, na wapita njia wakachungulia kujua ni nani amejifungua.

Lakini humo humo ndimo alimokosea, na kosa lake lilikuwa la malezi mema. Nyanya yake alimfundisha tangu utotoni kwamba mgeni halishwi kiporo. Mgeni hupikiwa ugali wa wimbi jipya, huchinjiwa kuku, na kama kuku hakuna basi anakopwa. Mashine ile ilikuwa mgeni nyumbani mwake, na bila hata kufikiri, Bochaberi akailisha kama mgeni: nyuzi mpya tupu, laini, zisizo na fundo, alizozitoa kwenye rafu za juu za Salat. Mgeni wa namna hiyo atakosaje kusifu chakula?

Siku ya tano alimpelekea Mwalimu Nyamweya sweta la mfano. Mwalimu alilivaa mwenyewe, ingawa lilimbana, akatembea nalo ofisini huku na huko. Akalivua kwa shida, akamrudishia ili alifuate kama kielelezo, na kumwambia kazi ni yake. Bochaberi akarudi Keroka akiwa amenyoosha shingo, akaingia moja kwa moja kwa Salat.

"Nimekubali," alisema. "Njoo Ijumaa uichukue ile nyingine, kabla ya jua kutua. Sabato ikiingia sifungui mlango kwa mtu."

Jioni ile yeye na Abner waliifunika mashine ya zamani kwa blanketi, wakaifunga kamba ya katani. Abner alikuwa akipiga mluzi. Bochaberi alisikia uchungu kidogo kifuani, akaukemea ukakaa kimya.

Alhamisi asubuhi akaja Gesare.

Gesare alikuwa mjane wa Ikonge mwenye watoto sita, na kila Desemba alikuja na kikapu. Hakuwa yeye peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kina mama wa upande ule, na wageni waliojaribu kuuza masweta ya kiwandani pale sokoni walishindwa kuielewa: sweta halinunuliwi mara mbili. Mtoto wa kwanza akilizidi, mama hulifumua usiku kando ya moto, huuosha uzi, huukunja madonge, na kumpelekea Bochaberi na donge moja jipya la kuongezea. Bochaberi hufuma sweta la mtoto wa pili. Miaka mitatu baadaye uzi ule ule hurudi, una fundo hapa na fundo pale, kwa ajili ya mtoto wa tatu. Palikuwa na nyuzi zilizopita katika vidole vyake mara nne, naye alizijua kama mtu anavyowajua ng'ombe wake.

"Bwakire," Gesare alisalimu, akaweka kikapu chini. Walizungumza Kigusii, kama wanawake wawili wa huko. "Huu ulikuwa wa Ishmael, ukawa wa dada yake. Sasa ni wa Onchiri. Ameitwa shule mpya ya Masimba, kidato cha kwanza! Nimesikia sweta lao ni damu ya mzee. Huu umefifia, lakini si unaweza kutiwa rangi?"

"Unaweza," alisema Bochaberi. "Keti."

Mashine ya zamani ilikuwa imefungwa kamba, kwa hiyo aliutia uzi katika ile mpya. Alisukuma. Safu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Fundo la kwanza lilipofika, kikasikika kishindo kidogo, mkono wa mashine ukakwama, na vitanzi thelathini vya uzi vikaporomoka kwa mkupuo. Bochaberi akalegeza uzi, akaanza upya. Fundo la pili likapinda sindano mbili. Mashine ya zamani ilikuwa na ulegevu wa uzee. Fundo lilipofika, yeye alilisikia kiganjani, akapunguza mwendo na kulivusha kama unavyomshika mtoto mkono kwenye daraja la mti. Hii mpya ilibana kila kitu kwa usawa mmoja, na fundo hapo halikuwa na nafasi.

Mara ya nne uzi ukakatika. Gesare akaanza kuukusanya uzi wake polepole.

"Labda sina budi kununua mpya," alisema. "Nitauza mbuzi."

"Hutauza kitu. Acha kikapu hapa."

Alipoondoka mjane yule, Bochaberi alishikwa na hofu, na tuseme ukweli, haikuwa hofu ya Gesare peke yake. Alijiona mjinga. Siku tano nzima hakuwahi kumpa mgeni wake fundo hata moja! Nusu ya kazi yake ya Desemba ilikuwa mafundo.

Kisha likamjia wazo baya zaidi. Alilichukua lile sweta la mfano lililompendeza Mwalimu. Akalipeleka kisimani, akalisugua kwa sabuni ya kipande juu ya jiwe jinsi mama yeyote angelisugua, akalikausha kando ya moto, akalisugua tena, akalikausha tena, mara tatu siku ile. Jioni akaketi kulifumua. Uzi wa kijani na uzi wa damu ya mzee zilikuwa zimepita pamoja nyuma ya kila jani, na kwa kuoshwa zilikuwa zimeshikana na kuota manyoya. Akivuta mmoja, mwingine unamfuata. Akiutenga, unakatika. Alivuta mpaka pajani pake pakajaa vipande vya urefu wa kidole, visivyofaa hata kujazia godoro.

Hapo akaijua thamani kamili ya kile alichokuwa akinunua. Watoto arobaini wangevaa masweta ambayo ndugu zao hawatayarithi. Na kina Gesare wote wa milima ile wangeuza mbuzi, mwaka huu, na mwaka unaofuata, na yeye Bochaberi ndiye angekuwa amewauzisha.

"Nafungua kamba," alimwambia Abner.

"Umeshampa Salat neno," alisema Abner. Alikuwa mtu wa vipya, lakini alikuwa shemasi kwanza.

"Nitalirudisha mbele yake, mchana kweupe. Lete kisu."

Usiku ule hakulala mapema, lakini hakulia wala kuomba ushauri. Alichora jani lake upya.

Ijumaa saa nne, gari la Salat likasimama mlangoni. Aliyeketi kando ya dereva alikuwa Mwalimu Nyamweya, aliyepewa lifti kutoka Masimba aje aone kazi yake imefika wapi. Bochaberi alifurahi moyoni. Maneno mazito ni afadhali kuyasema mara moja.

Waliingia, wakaikuta mashine ya zamani imekaa mahali pake, na ile mpya imerudi kwenye sanduku lake.

"Bwana Salat," alisema, "nilikuambia ndiyo. Leo nakuambia hapana, na makosa ni yangu, si ya mashine. Nimelisha mgeni chakula cha karamu siku tano, halafu nikasema huyu hachagui chakula. Nakuomba radhi. Na zile sindano mbili zimepinda nitalipa."

Uso wa Salat ulibadilika. "Mama, mimi nimeshatuma habari Narok. Neno lako ndio nilitumia kama risiti."

"Najua. Ndiyo maana sikujificha."

"Na sweta zangu?" Mwalimu alidakia. "Mama, hapana cheza na mimi! Majani yako wapi?"

Bochaberi hakubishana. Alimpa Mwalimu kipande kilichobaki cha sweta la mfano, lile lililooshwa. "Fumua, Mwalimu."

"Nini?"

"Fumua tu."

Mwalimu Nyamweya alikuwa mtoto wa hapo hapo, kufumua alikujua. Alitafuta mwanzo wa uzi, akavuta, ukakatika. Akavuta tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mikononi mwake palikuwa na manyoya. Bochaberi akamwondolea mzigo huo, akampa sweta kuukuu la mwanawe Ogari. Mwalimu akavuta, na uzi ukaja. Ukaja, ukaja, safu baada ya safu, ukaanguka miguuni pake kwa mviringo, na mwalimu mzima mwenye tai akaendelea kuvuta kana kwamba amesahau yuko wapi.

"Shule yako imejengwa na nani?" Bochaberi aliuliza.

"Na wazazi."

"Mzazi mmoja alikuwa hapa jana na kikapu. Amechanga mawe ya msingi wako, amechanga mabati. Sasa sweta lako litamla mbuzi, na mdogo wake huyo mtoto akifika, litamla mwingine."

Mwalimu aliacha kuvuta. "Lakini nilitaka shule ijulikane," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Itajulikana." Akatoa mfukoni kitu alichokifuma alfajiri kwa vidole vyake: ukanda wa upana wa vidole vinne, majani ya chai yakifuatana kwa rangi ya kijani na nyeupe, mazuri kuliko yale ya kadi, maana haya yalikuwa na vikonyo. Akaulaza juu ya kifua cha sweta tupu lililokuwa rafuni. "Sweta ni la uzi mmoja. Ukanda unafumwa peke yake, unashonwa juu. Mtoto akilizidi sweta, mama anatoa mshono, anafumua sweta, ukanda anauweka ungoje sweta la mdogo wake."

"Hicho ni kiraka! Unataka watoto yangu wavae kiraka?"

"Kiraka huficha tundu, Mwalimu. Huu unaficha nini?"

Mwalimu aliutazama kwa karibu, kisha akatoka nje, akavuka barabara kabisa, akasimama ng'ambo kati ya wachuuzi wa ndizi na kutazama kutoka huko. Bochaberi aliinua sweta mlangoni kwa mikono miwili. Lori moja likapita kati yao, kisha jingine.

Mwalimu alirudi. "Naona," alisema. "Arobaini, kwa vidole. Na usipomaliza?"

"Nisipomaliza, uende Nairobi, na mimi mwenyewe nitakusindikiza stendi nimekubebea mkoba."

Salat alikuwa bado amenuna. Aliwaamuru wapagazi walichukue sanduku, na mlangoni akageuka. "Hii itanunuliwa na mwenzako wa Kisii mjini. Atakula soko yako, Mama Ogari."

"Ale," alisema Bochaberi. "Mashine yako ni nzuri, Salat. Ni nzuri kwa watu wanaotupa nguo. Hao akishawamaliza, wengine wote wako hapa. Na Jumatatu nitahitaji rangi ya damu ya mzee ya kujaza sufuria tatu. Nikanunue kwako ama kwa mwenzako wa Kisii mjini?"

Salat alijaribu kuendelea kununa. "Kwangu," alisema hatimaye.

Wiki zile tano zilimla Bochaberi. Kina mama waliposikia kwamba nyuzi kuukuu zinapokewa, walishuka na vikapu kutoka kila kilima: nyuzi za buluu za shule ya msingi, za kijivu, za manjano ya kutisha. Zote ziliingia sufuriani. Familia zilizojiweza zilileta nyuzi mpya kutoka kwa Salat, nazo pia akazitia sufuriani, akisema ni ili rangi ilingane. Vidole vyake vilivimba kwa kuchagua sindano. Abner, shemasi na mtu wa vipya, alikaa kwenye kigoda akishona kanda za majani vifuani, na mtu akiingia anajifanya anasubiri chai. Sweta la arobaini lilitoka mashineni Alhamisi, na shule ilifunguliwa Jumatatu.

Mwalimu Nyamweya alimwalika aje kuona. Asubuhi hiyo kulikuwa na umande na ubaridi wa kuuma masikio, na wanafunzi arobaini walisimama gwaride mbele ya darasa lisilo na madirisha bado. Kifua kwa kifua majani yalifuatana kama mstari mmoja mrefu. Wazazi walikuwa wamejaa nyuma ya ua. Walisimama pamoja, mwenye gari na mwenye jembe, na kila mmoja alikuwa akimtafuta wake, maana kwa mbali wote walifanana.

Mwalimu alimsogelea Bochaberi, akainama kidogo.

"Mama," alinong'ona, "niambie ukweli. Zile za uzi mzee ni gani?"

Bochaberi aliupitia mstari taratibu. Wa tatu kutoka kushoto alivaa uzi wa watoto watatu. Yule mrefu alivaa uzi wa blauzi ya harusi ya shangazi yake. Binti wa mwisho alivaa uzi wa kaka aliyefariki, na mama yake alikuwa ameuleta ukiwa umekunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Kumi na tisa kwa jumla. Aliwajua mmoja mmoja, na nani alivaa kabla yao, na kila fundo lilipo.

"Mwalimu," alisema, "hata mimi siwezi kujua."